Debe la Malimbuko

Taa haiwashwi ikafunikwa pishi. Neno hili lilitoka katika kinywa cha Bwana, nasi tumelifanya methali, na kama methali nyingi, tunawaambia watoto kisha tunapita zetu. Maana yake haina fumbo: aliyepewa mwanga amepewa kwa ajili ya walio gizani, si kwa ajili ya kabati lake. Wakubwa hulisoma neno hili vizuri sana. Kulitenda ndiyo kazi.

Juu ya kilima kimoja, mwendo wa nusu siku kutoka Mushaki, palikuwa na kanisa la mbao, na nyuma yake, ukuta kwa ukuta, chumba cha kuzalishia. Dirisha la chumba hicho lilizibwa kwa mabati tangu mwaka wa risasi nyingi. Hata saa sita mchana, aliyeingia humo aliingia kama ndani ya chungu. Serikali iliahidi kituo cha afya; ahadi ikabaki Goma, labda barabara iliishinda kupanda. Basi wakristo wakajipanga wenyewe. Kila nyumba ilitoa beseni la maharagwe, yakauzwa, ikanunuliwa taa ya sola ili iwaangazie akina mama wanaojifungua. Hata Sebahire, mkulima mwenye shamba dogo kama kiganja, alitoa beseni lililofurika, kwa kuwa mkewe Kayitesi alikuwa mjamzito.

Taa ilipofika, Karangwa, mwenyekiti wa kanisa, aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa mfalme.

"Hii iko taa ya Mungu," alisema. "Tukiitundika leo, kesho wenye bunduki wataibeba. Acha ilale kwanza. Siku Askofu atakuja, njo tutaiwasha."

Hakuna aliyembishia. Mwenye ufunguo ndiye mwenye neno. Akaiweka stoo, akaifunika kwa debe la kupimia maharagwe ya malimbuko, akafunga kufuli. Wote waliokuwapo walikuwa wamebatizwa, na hakuna hata mmoja aliyestuka.

Miezi miwili baadaye, Kayitesi alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, damu ikaanza kutoka. Muuguzi Céline alifanya kazi na tochi ndogo mdomoni mpaka betri zikaisha. Sebahire alikimbilia stoo. Kufuli! Karangwa alikuwa ameshuka sokoni Mushaki, ufunguo mfukoni. Sebahire akaokota jiwe avunje, wazee wa kanisa wakamshika mikono.

"Usivunje, kaka. Ni nyumba ya Mungu."

Ufunguo uliporudi jioni, Kayitesi alikuwa amekwisha kufunikwa kitenge, na mtoto pamoja naye.

Tangu siku hiyo Sebahire alikuwa mkali kama pilipili iliyokaushwa juani. Hakuingia tena kanisani. Jumapili alikaa nje, kwenye ngazi za udongo, akiwatupia maneno wanaopita.

"Papa Karangwa, ile taa inaendelea aje? Haijashikwa na baridi?"

"Sebahire, huo ulimi utakupeleka motoni."

"Si mubaya. Kule angalau kuko mwangaza."

Ikaja Pasaka. Kwa sababu ya usalama, mkesha haukufanywa usiku. Ulifanywa saa tisa mchana, jua likiwaka. Padri hakufika, njia ilikuwa imefungwa. Katekista Magloire akainua mshumaa mkubwa wa Pasaka uliotumwa kutoka parokia, akaimba, "Mwangaza wa Kristu!" Watu wakaitika, "Tumshukuru Mungu!" Kila mtu akawasha mshumaa wake mdogo.

Kabla wimbo haujaisha, wanaume wanne walipanda kilima na machela mabegani. Juu yake alilala Olga, mke wa mchunga ng'ombe wa bondeni, akiuma kitenge kwa uchungu. Wakamteremsha mlangoni, wanawake wakamwingiza chumbani. Punde Céline akatokea mlangoni, mikono ina damu.

"Sioni kitu! Muniletee ile taa!"

Safari hii ufunguo ulikuwapo. Karangwa alikimbia mwenyewe, akafungua stoo, akainua debe. Akabonyeza taa. Akabonyeza tena. Betri iliyokaa karibu mwaka mzima bila kuonja jua ilikuwa imekufa. Alisimama mlangoni pa stoo, taa mkono mmoja, debe mkono mwingine.

Sebahire akainuka. Watu walidhani atampiga, na nani angemlaumu? Lakini alimpita kama mtu anavyopita kisiki, akaingia kanisani kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Munawashia jua mishumaa?" alipaza sauti. "Jua iko na yake! Nyuma ya huu ukuta muntu anakufa. Munaimba mwangaza, basi mulete mwangaza!"

"Ibada haijaisha," mzee mmoja alinung'unika.

"Kayitesi yeye aliisha."

Magloire alishuka altareni na mshumaa mkubwa, akatoka nao nje, na watu wote wakamfuata. Kwa desturi, mwanamume havuki kizingiti cha chumba cha kuzalishia. Basi wanaume waliishia mlangoni, wakiwakabidhi wanawake mishumaa yao, mmoja baada ya mwingine, wakiikinga upepo kwa viganja.

"Huu mukubwa utasimama juu ya nini?" Céline aliuliza kutoka ndani.

Karangwa alisogea. Bila kuinua macho, akamnyooshea Sebahire debe la malimbuko. Sebahire alilitazama kwa muda. Kisha akalipokea, akaligeuza kinywa chini, akalisukuma ndani. Mshumaa ukasimamishwa juu yake, na mwanga ukafika hadi kwenye pembe, mabati ya dirisha yakametameta.

Walingoja wamesimama. Hakuna aliyeimba. Jua lilikuwa linaegemea kilima cha pili sauti nyembamba iliposikika.

"Mutoto analia!" Céline alisema. "Na mama yake iko muzima!"

Karangwa alichutama ukutani.

"Sebahire, nilikuwa naichunga tu. Niliogopa wataiiba."

"Iliibwa, Papa. Wewe njo uliiiba."

"Unisamehe."

Sebahire alitazama ndani ya kile chumba, mahali Kayitesi alipolala.

"Lile debe lisirudi stoo," alisema, akashuka kilima.

Halikurudi. Mpaka leo limesimama kinywa chini katika chumba kile, mshumaa juu yake. Na kila mama anayejifungua humo ni shahidi kwamba taa haiwashwi ikafunikwa pishi.