Viazi Vilivyosahauliwa na Mwakalinga

Tusekile alikodi bustani ya Mwakalinga, tajiri wa Uporoto, ili apande vitunguu. Mvua iliponyesha, viazi ambavyo Mwakalinga aliviacha ardhini alipovuna vikachipua kila mahali. Tusekile aling'oa siku nne mpaka mgongo ukamkatika, navyo vikachipua tena. Miche yake ya vitunguu ilikuwa inakomaa kitaluni bila kupandikizwa.

Akaenda kwa Mwakalinga, akapiga goti.

"Baba, nimekuja kushukuru. Kumbe umenikodisha bustani na viazi vyake!"

Mwakalinga akaweka chini kikombe cha chai. "Nani kakwambia? Nimekukodisha udongo. Viazi nilipanda mimi."

"Lakini si ulishavuna, baba?"

"Vilivyobaki ni vyangu. Kesho naleta vibarua."

"Basi chukua vya juu juu tu. Vya chini kabisa niachie mimi mjane."

"Hata kimoja sikuachii!"

Kesho yake vibarua sita walichimba kutwa nzima, wakaokota mpaka viazi vidogo kama gololi. Kila walipotaka kupumzika, Tusekile alilia, "Jamani, hapo msiguse!" Mwakalinga akawahimiza wachimbe papo hapo.

Jioni aliondoka na nusu gunia la viazi vilivyosinyaa. "Umenielewa sasa?" akauliza.

"Nimekuelewa, baba," alisema Tusekile, akipandikiza mche wa kwanza kwenye udongo uliolainika kama unga. "Na lile shamba lako la mtoni, nalo ulilipanda viazi? Mwakani nataka kulikodi."