Muhuri wa Bi Zamoyoni

Jumatatu moja Bosi Lukindo, mwenye leseni ya masafa ya kurushia intaneti, aliteremka Kitundumo, tumbo mbele, na ile taarifa aliyodaiwa na serikali kila mwaka. Iliandikwa kwamba kijiji kizima kina mtandao. Ulibaki muhuri wa mtendaji tu, na bila huo leseni ingefutwa.

"Gonga hapa, mama," alimwambia Bi Zamoyoni, mtendaji wa kijiji.

"Nitagonga, bosi, wala usijali. Ila wakaguzi wameniandikia barua pepe leo asubuhi. Ijumaa watapiga simu ya video hapa hapa ofisini, kwa mtandao wako."

Lukindo aliondoka mbio kutafuta mafundi. Kufikia Alhamisi mnara wa intaneti ulikuwa umesimikwa, na watu waliozoea kusafiri hadi mjini kutafuta mtandao walikuwa wamejilaza vibarazani na simu zao.

Ijumaa alishinda ofisini, tai imemkaba. Hadi saa kumi hakuna aliyepiga. Bi Zamoyoni akagonga muhuri, paa! Akamkabidhi taarifa yake.

"Na wakaguzi je? Si walikuandikia barua pepe Jumatatu?"

"Jumatatu, bosi? Ingenifikia kwa mtandao gani?"