Mazoezi ya Kukata Utepe

Hebu niambieni, wadogo zangu: mgonjwa humeza dawa au humeza utepe?

Shikeni jibu lenu kwanza. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majimbo na magavana wenye vitambi, kikohozi kibaya kiliingia nchini. Mfalme Simba akatoa amri moja kwa wote: kila mtoto apewe matone ya dawa, bure. Chupa zilezile zikapelekwa kila jimbo.

Ng'ambo ya mto, Gavana Kiboko alizigawa nyumba kwa nyumba siku ileile zilipofika. Ng'ambo hii, Gavana Nyati alizifungia ndani ya zahanati mpya, akafunga utepe mwekundu kukatiza mlango, akatangaza kwamba hakuna kugusa kitu mpaka mgeni rasmi, Mzee Tembo, aje kuzindua. Protokali, wasee! Na Tembo alikuwa safarini, kurudi kwake hakujulikani.

Nguchiro alikaa upande wa Nyati. Mwanawe Tindi alikohoa khoo, khoo, hata maziwa yakamshinda. Nguchiro akambeba mpaka kwa Kiboko. Kiboko akamwambia kwa upole kwamba dawa yake ni ya watoto wa jimbo lake tu.

"Kwani amri si moja, Mheshimiwa?"

"Amri ni moja, dada. Magavana ndio tofauti."

Njiani Nguchiro hakulia. Tindi alipumua kama mluzi mgongoni pake, naye akawaza. Alimjua Nyati: kikohozi hakikumtisha, ila picha mbaya ilimnyima usingizi.

Akaingia ofisini kwake, akamuuliza mazoezi ya uzinduzi yatafanyika lini.

Nyati akaacha kucheua. "Mazoezi gani, Mama Tindi?"

"Siku hiyo kamera zitawaka, Mzee Tembo amesimama pale, halafu watoto wateme dawa na kukimbia ovyo. Utazificha wapi hizo pembe, boss? Wafunzwe mapema kufungua midomo na kumeza."

"Na utepe wangu?"

"Hatuukati. Tunapita chini yake."

Nyati akafurahi, akatoa ufunguo. Yeye mwenyewe pembe zilimzuia kupita, akabaki nje akiwapanga watoto foleni na kuwahimiza watabasamu. Ndani, muuguzi Korongo akadondosha to, to, to, mtoto baada ya mtoto, Tindi akiwemo. Nyati akaona wanapendeza, akaamuru mazoezi yarudiwe mpaka kila mtoto wa jimbo azoee.

Tembo alipokuja, kikohozi kilikuwa kimekwisha. Akakata utepe, kwacha! Akafungua kabati. Chupa tupu.

"Dawa iko wapi?" akamuuliza Nyati.

Nguchiro akamsogeza Tindi mbele, mnene, ametulia. "Imo humu, Mzee. Huku ndiko mfalme alikoituma."

Amri ya afya haijafika jimboni mpaka imfikie mgonjwa.

Basi nyinyi mnaoshika funguo mkingoja mgeni rasmi: fungueni milango leo, watoto wanakohoa.