Kwa Nini Mbwa Hana Mchana Wake Mwenyewe

Krr. Krr. Krr.

Sauti hiyo ilimwamsha Minza usiku wa manane, nayo ilitoka chini, palepale chini ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, alilolala na mwanawe. Hakujongea. Alimkumbatia mtoto, akaziba pumzi, akajiambia ni buku, ni upepo tu unasugua kuni, akajiambia kila kitu isipokuwa kile alichokijua: kwamba fisi alikuwa akiguguna mguu wa dungu, na jana aliguguna, na juzi pia, na mguu ule uliokuwa mnene kama paja la mwanamume sasa umebaki mwembamba kama mkono wa binti. Siku utakapokatika, dungu litalala upande, na aliye mwepesi ndiye atakayedondoka kwanza. Mwepesi alikuwa Seni, mtoto wake, ambaye hata kuketi alikuwa hajajua.

Hayo yalitokea zamani, mchana ulipokuwa bado haujawa wa watu wote kama ulivyo leo. Kila kiumbe alikuwa na mchana wake, ndani ya kibuyu chake. Ukiamka alfajiri unakikuta kimejazwa, kimewekwa kando ya kichwa chako, na aliyekijaza hakuna aliyewahi kumwona. Unautumia mchana wako kidogo kidogo, ukilima, ukichota maji, ukizozana na jirani, na ukiisha, umeisha. Unalala papo hapo ulipo, hata kama jua bado liko juu. Kuku alipewa kibuyu kidogo kama cha tumbaku, ndiyo maana aliwahi kulala. Bundi alikificha chake hadi giza liingie, akautumia mchana wake wakati wenzake wanakoroma. Watoto wachanga peke yao hawakupewa kitu. Wao walikunywa mchana wa mama zao, kama walivyonyonya maziwa, na hakuna mtoto aliyejua kunywa kidogo.

Seni alikunywa sana.

Minza alikuwa msichana tu, huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na mumewe alikuwa amekwenda na wanaume wengine kufuata chumvi, safari ya mbali ambayo hujui mtu atarudi lini. Uwele ulikuwa unakomaa. Na desturi ya kwao ilikuwa hii: uwele ukikomaa, kila nyumba inatoa mtu mmoja akakae dunguni katikati ya shamba, awafukuze ndege, na asirudi kijijini mpaka mavuno. Akiondoka siku moja tu, kweleakwelea wanashuka kama wingu, na nyumba hiyo itashinda njaa mwaka mzima. Nyumba ya mumewe haikuwa na mtu mwingine wa kutoa ila yeye.

Basi kila asubuhi alianza kwa haraka, kombeo mkononi, mtoto mgongoni, anapiga kelele, anakimbilia maji bondeni, anarudi, ndege wameshatua, anapiga kelele tena, mtoto analia, ananyonyesha amesimama, na moyoni anasema leo, leo hii nakata mti nibadilishe mguu wa dungu. Kisha anashika shoka, anatazama kibuyu, kikavu. Macho yanafumba jua likiwa bado kali. Akifumbua ni usiku, na krr, krr, chini yake.

Mavyaa wake, mama wa mumewe, aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe kijijini, alikuja siku moja kumletea unga. Alikuwa mwanamke mnene, mkavu wa maneno, na hakupanda dungu. Alisimama chini akautazama mguu uliogugunwa.

"Mama, naomba unishikie mtoto siku moja tu," Minza alisema. "Siku moja, nikate mti."

"Mkamwana wangu, mimi nimewalea wanangu wote humu humu dunguni," mavyaa akajibu. "Na fisi wa enzi zangu walikuwa na meno, si hawa wa siku hizi wanaolamba miti."

"Mama, naogopa."

"Nani haogopi? Utumie unga huo ukiwa mkavu."

Akaondoka. Minza alimfuata kwa macho hadi uwele ukamficha, kisha akaendelea kuutazama uwele wenyewe, maana hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Katika nchi hiyo mbwa naye alikuwapo, ila hakuwa mbwa huyu mnayemjua. Hakufugwa na mtu. Alitembea peke yake, alikula panya wake, alilala alipotaka, na hakuwa na jina kwa sababu hapakuwa na wa kumwita. Kibuyu chake kilikuwa kikubwa kuliko vya wote, fisi mwenyewe alikiogopa, kwa kuwa mwenye mchana mkubwa ndiye anayekukuta wewe umeshalala. Wanyama walimwona tajiri. Wasichokijua ni kwamba kila jioni mbwa alikiinamisha kibuyu chake na kumwaga mchangani mchana uliobaki, ili apate usingizi. Haukuisha. Alikimbia, alichimba, aliwafukuza kware asiowahitaji, bado haukuisha. Mchana wa asiye na mtu ni mrefu sana.

Siku hiyo alikuwa anapita kando ya shamba akasimama kumtazama Minza anavyorusha mawe.

"Dada, wewe unawafukuza ndege au ndege wanakufukuza wewe?"

"Badala ya kucheka, nishikie mtoto."

"Nimshike kwa nini? Kwa mkia?"

"Kaa naye tu! Kaa hapo, usiondoke, hujui hata kukaa?"

Labda ni ile sauti, ya mtu anayefoka ili asilie. Mbwa akakaa. Minza akamlaza Seni juu ya ngozi ya mbuzi kivulini, akakimbia, anageuka kila hatua kutazama, maana hakumwamini mbwa, lakini hakuwa na mwingine wa kutomwamini. Aliporudi alimkuta Seni amelishika sikio la mbwa kwa ngumi yake yote na kulitia mdomoni, na mbwa amekaa kimya, shingo imepinda, anaogopa kupumua.

Akaondoka tena, akarudi. Akachota maji, akarudi. Mtoto akasinzia akiwa ameegemea ubavu wa mbwa. Na Minza alipoinua kichwa akashangaa rangi iliyokuwa juu ya uwele, nyekundu, kama makaa chini ya jivu. Tangu ajifungue hakuwahi kuliona jua likizama. Akatikisa kibuyu chake, bado kina mchana ndani.

Mbwa naye alitikisa chake, kisha akakigeuza juu chini.

"Nani kanywa mchana wangu?" akauliza kwa ukali.

"Kanywa huyo uliyekaa naye."

"Sikuona ukiisha. Hata kidogo! Ulikuwa umejaa." Akanusa ndani ya kibuyu kitupu, akanusa tena. Kisha akasema taratibu, "Sijawahi kulala bila kumwaga." Na akalala hapo hapo, chini ya dungu, na usiku ule fisi alikuja, akakuta harufu yake, akakaa mbali.

Asubuhi mbwa alikuwa bado yupo. Alimtazama Minza akichukua kombeo, akamtazama akichukua shoka na kulirudisha chini, halafu akakisukuma kibuyu chake kwa pua mpaka miguuni pa yule msichana.

"Umimine kwenye chako."

Minza aliijua sheria, kila mtu aliijua: anayemimina mchana wake wote kwenye kibuyu cha mwingine, chake hakijazwi tena. Kesho yake kitakuwa kitupu, na kesho kutwa, na siku zote. Mchana wao utajazwa mahali pamoja, na aliyemimina, ili aupate, ni lazima awe karibu na mwenye kibuyu.

"Utakuwa huna kitu," akamwambia. "Unanielewa? Nisipokuwapo utakuwa huna hata asubuhi."

"Niliwahi kuwa nao mwingi," mbwa akasema. "Naufahamu. Hauna mtu ndani."

"Sasa mimi nikupe nini? Sina nyama. Nina unga tu."

"Panya nitawakamata mwenyewe. Wewe nipe kila siku sehemu yangu, basi. Ukiamka, kabla hujashika kitu. Ukienda kuchota maji, twende wote. Na jioni ukae chini nami kidogo, bila kufanya kazi yoyote."

"Nitafanya hivyo," Minza akasema upesi upesi, kwa sababu ndege walikuwa wanakuja na mtoto ameanza kunung'unika na mtu mwenye shida huwa anaahidi upesi. Akamimina.

Siku hiyo ilikuwa ndefu na nzuri. Alikata mti wa mninga, mbwa akauvuta pamoja naye, wakachimba shimo, wakausimamisha mguu mpya kando ya ule wa zamani na kuufunga kwa kamba za ngozi. Jioni wakakaa. Minza alianza kumsimulia mambo, ya kwao alikozaliwa, ya chumvi, ya hofu aliyokuwa nayo kila anapofumba macho, maneno yaliyokuwa yamemjaa miezi yote hiyo yakatoka kwa mfululizo kama mtama kwenye gunia lililotoboka, na mbwa akasikiliza yote, kichwa juu ya mguu wake. Akampa jina: Mwenzangu.

Uwele ukavunwa. Mume akarudi na chumvi. Kukawa na pombe na ngoma, na Minza, aliyekuwa amekaa na ndege na hofu peke yake, alizisikia sauti za watu akahisi kama mtu aliyenyeshewa baada ya kiangazi. Akamfunga Mwenzangu kwenye nguzo ya dungu ili asikanyagwe na wachezaji, akamwekea maji, akamwekea mfupa wenye nyama nyingi, akasema nakuja sasa hivi. Akaenda ngomani.

Alicheza. Alicheka na wanawake wenzake. Mtoto alipita mikono ya shangazi zake wote. Jua likazama, likachomoza, likaegemea tena, ndipo akaisikia, kwa mbali, kutoka shambani, sauti ambayo hakuna mtu katika nchi hiyo aliyewahi kuisikia. Ilikuwa ndefu. Ilipanda, ikakaa juu, ikashuka bila kufika mahali.

"Mbwa wako ana njaa," mumewe akasema.

"Ana mfupa."

"Basi ana kiu."

"Ana maji."

"Basi ana wazimu! Kaa, bwana. Mbwa ndiye anayekutoa ngomani?"

Watu wakacheka, na mavyaa akacheka kuliko wote. Minza alikuwa ameshainuka. Alikimbia na mtoto mgongoni, visiki vya uwele vikimkata miguu. Alimkuta Mwenzangu amelala ubavu, mfupa haujaguswa, maji yameingia vumbi. Hakuwa amelala usingizi wala hakuwa macho. Macho yalikuwa wazi, hayaoni kitu; kwake hakujapambazuka tangu Minza aondoke. Ilikuwa ni giza moja tu, lisilo na saa. Na nje kidogo, ukingoni mwa shamba, fisi alikuwa amekaa kitako, kichwa kimeinama upande, akisikiliza kilio kile na kujaribu kukielewa.

Minza aliketi chini kwenye vumbi. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mbwa na kuuacha hapo. Polepole macho yakaanza kuona, sikio likanyanyuka, kisha mkia, kisha mwili wote ukaruka, akamlamba uso, akamzunguka, akaanguka, akainuka, kama vile mtu huyu ametoka safari ya miaka. Fisi alipoona hayo akaondoka, kwa sababu hakuelewa bado.

"Asijue," Mwenzangu akasema akihema. "Siku fisi atakapojua kuwa sina mchana wangu, atakuwa anangoja tu utoke."

Minza akamwinamia sikioni, akamjibu kwa sauti ndogo. Na yale yalikuwa maneno ya mwisho ya mbwa. Tangu hapo akanyamaza, ili asije akaitoboa siri kwa bahati mbaya. Na Minza akamrudisha nyumbani, akamlaza mlangoni, akastahimili kucheka kwa mavyaa na kununa kwa mumewe, kila jioni akakaa naye kidogo, bila kufanya kazi yoyote.

Na tangu siku hiyo mbwa hajajaziwa kibuyu. Vibuyu vya wengine vilipasuka baadaye, kwa sababu nyingine, mchana ukamwagika juu ya dunia nzima ukawa wa wote, isipokuwa wake, ambao ulikuwa umeshamiminwa kwa mtu. Ndiyo maana mbwa anakufuata kisimani na kurudi. Ndiyo maana ukimwachia sahani imejaa na ukaenda zako kutwa, unarudi unaikuta imejaa, naye amelala mlangoni hajui kama ni asubuhi au ni mwaka mwingine. Na ukirudi, hata kama ulitoka kuomba moto kwa jirani tu, anakurukia kama mtu aliyeona jua likichomoza, kwa kuwa ndilo hilo, limechomoza. Nyama haiwezi kumpa mchana, wala kamba ndefu. Haumiminwi kwa mbali.

Fisi bado anazunguka ukingoni mwa mashamba akiuliza. Kwa hiyo mtu anapopewa mbwa kwa mara ya kwanza, anayempa humvuta kando, humwinamia sikioni, na kumwambia haya yote kwa sauti ndogo. Na yule mwenye mbwa mpya, akiwa amemkumbatia kifuani, hujibu alivyojibu Minza siku ile mavumbini:

"Sitamwambia mtu mwingine."