Kata ya Kwanza ya Chemchemi

Habari hii nilisimuliwa kwanza na wifi yangu Nanzia, siku tuliyokaa uani tukipukuchua mahindi ya makande. Nami naisimulia kama alivyonisimulia.

Hapo zamani, katika kijiji cha Kwemshitu, kule milimani, palikuwa na chemchemi moja tu. Wenyeji wake walikuwa na desturi yao. Chemchemi ikisafishwa upya, mtu mmoja huchaguliwa kuchota kata ya kwanza, na chemchemi huitwa kwa jina lake. Hakuna heshima waliyoitamani kama hiyo, maana jina lako litatajwa kila asubuhi na kila mwenye ndoo.

Basi mwaka mmoja watoto wakaanza kuumwa matumbo. Akaja Namkunda, binti mtafiti wa maji. Akainua mawe ya kijito kinachotoka kwenye chemchemi ile, akachungulia chini yake, akatikisa kichwa.

"Kuna wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe pale tu maji yanapokuwa safi," alisema. "Hapa wamehama wote."

Akajaza chupa maji ya chemchemi, akaenda kulala kwa Bi Nakijwa, mama mkarimu kuliko wote kijijini. Asubuhi akaichukua chupa yake, akaipeleka maabara mjini. Majibu yakarudi: maji ni salama kabisa.

Mkutanoni watu wakamcheka.

"Binti, chupa yako inasema salama, wewe unasema si salama. Tumsikilize nani, wewe au chupa?"

"Nisikilizeni mimi. Wadudu hawadanganyi. Siondoki."

"Utaondoka leo hii hii!" akasema Mwenyekiti. "Watu wana mashamba ya kulima."

Hapo Bi Nakijwa akasimama, uso kaufunika kwa khanga.

"Jamani, msimfukuze mtoto wa watu. Maji ya kwenye ile chupa yalitoka kwenye mtungi wangu."

"Mtungi wako?"

"Niliona mgeni wangu kabeba maji yana takataka. Nikasema, aibu gani hii, mgeni atoke kwangu na maji machafu? Nikayamwaga. Nikaisugua chupa kwa majivu, nikamtilia ya kuchemsha."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Namkunda naye alicheka huku akifuta machozi. "Mama yangu! Kumbe ulinifungashia masurufu!"

Akachota upya, na safari hii alilala ameikumbatia chupa. Majibu yakarudi: maji yana kinyesi cha mifugo. Watu wote wakainua macho kilimani, juu ya chemchemi, kwenye zizi la Mzee Kiondo.

"Msinitazame mimi," akasema Mzee Kiondo. "Tazameni ng'ombe. Mimi choo ninacho."

Wakacheka tena. Lakini kesho yake, kabla hajaambiwa na mtu, alilibomoa zizi lile alilorithi kwa baba yake. Alizibeba nguzo begani, moja moja, akazipeleka upande wa pili wa mlima. Tangu hapo maziwa aliyafuata mbali, akipanda huku anahema.

Mvua zikanyesha, zikauosha mteremko. Namkunda akapima: safi! Watoto wakapona, wakawa wanainua mawe na kupiga kelele, "Wamerudi! Wadudu wamerudi!" Chemchemi ikasafishwa, makande yakapikwa, ngoma zikalia. Mwenyekiti akainua kata juu. "Haya, nani achote?"

"Nipeni mimi," akasema Namkunda. "Bila mimi mngekuwa mnakunywa kinyesi na kushukuru. Hata chupa iliposema salama, nilikataa."

"Nipeni mimi," akasema Bi Nakijwa. "Wewe mwanangu ulishafukuzwa. Bila ulimi wangu ungekuwa kwenu sasa hivi. Nani mwingine hapa angekubali kuchekwa na kijiji kizima?"

"Lakini mama, bila mikono yako nani angenifukuza?"

"Nipeni mimi," akasema Mzee Kiondo. "Huyu alipima, huyu alisema, maji yakabaki yale yale. Yalisafishwa na mabega haya."

"Na nani aliyachafua?" akauliza Bi Nakijwa.

"Ng'ombe! Si nimeshasema?"

Wifi Nanzia akakomea hapo, akaendelea na mahindi yake. Nikamwuliza, "Wifi, alichota nani?" Akanijibu kwamba kata ingali mkononi mwa Mwenyekiti.

Asubuhi yake nilikwenda bombani, mwanangu mgongoni. Kwa kawaida mimi huteka maji nikaondoka. Siku hiyo niliweka ndoo chini, nikawasimulia wenzangu. Mmoja akamtetea binti, mwingine akamtetea mama, mwingine mzee, hadi ndoo zikafurika bila mtu kuziona. Hawajakubaliana mpaka leo, na ndiyo maana nawauliza ninyi: je, nani alistahili kata ya kwanza?