Fungate ya Kiboko

— Enyi mlioketi!
— Tumeketi!
— Mmeshiba?
— Bado!
— Basi kaeni na njaa yenu, mimi nina Pimbi na Kiboko. Nianze?
— Anza!

Hapo kale, mvua ilipokataa miaka miwili, wanyama wa Mwambani walikuwa na ghala moja la mtama. Kila nyumba ilichangia debe lake, likawa la wote, akiba ya njaa. Ufunguo alishika Kiboko, kwa kuwa ndiye mfalme, na nani angemnyang'anya?

Kwenye mwamba aliishi Bi Pimbi, mjane, na wanawe watatu. Wa mwisho, Mwanamvua, hakuwa na nguvu tena hata ya kulia. Pimbi akabeba kikapu, akaenda ghalani.

"Mfalme, nimekuja kuomba mtama. Mwanangu anakufa."

"Mumeo yuko wapi?"

"Alikwenda kutafuta maji, hakurudi."

"Ndiyo maana una njaa!" Kiboko akanguruma. "Njaa hailetwi na ukame, inaletwa na kutooana. Serikali imeamua: mtama wote utatumika kukuza ndoa. Olewa, ule."

"Niolewe na nani, mfalme? Wanaume wamekwisha kwa njaa."

"Hilo si la serikali."

Basi harusi zikaanza. Ngiri akaoa. Ngoma, ndi ndi ndi! Mgeni rasmi, yaani Kiboko, akala nusu, kacha kacha kacha. Nusu nyingine wakapewa wapambaji na wapiga ngoma. Maharusi wakalamba sufuria. Kicheche akaoa. Ngoma, ndi ndi ndi! Mgeni rasmi akala nusu, kacha kacha kacha. Maharusi wakalamba sufuria. Hata Digidigi na mkewe, ambao hawakuwahi kutengana tangu ujana wao, waliachana asubuhi wapate kuoana jioni. Nao wakalamba sufuria.

Pimbi alitazama kutoka juu ya mwamba. Kila ngoma ilipolia moyo ulimwuma, maana alijua ni uji wa mwanawe unaopigiwa vigelegele. Siku ya kumi akamwendea Kiboko.

"Mfalme, naona aibu kwa ajili yako. Nchi nzima imeoa, wewe peke yako huna mke."

Kiboko akakohoa.

"Halafu kuna hesabu imenishinda. Mgeni rasmi hula nusu. Je, mgeni rasmi akiwa ndiye bwana harusi, hula nusu ngapi?"

Kiboko akafumba macho, akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Nusu mbili!"

"Umesema mwenyewe."

"Nitafutie mke, we Pimbi! Haraka!"

"Yupo binti wa huku kwetu. Mnene, mpole, hana maneno mengi. Ila kwao wana mila. Bwana harusi hukaa fungate pangoni siku saba bila kutoka, na hamfunui bibi harusi uso mpaka siku ya saba. Na ufunguo wa ghala hushikwa na somo wa bibi harusi, aandae karamu."

"Somo ni nani?"

"Mimi hapa, mtumishi wako."

Ngoma, ndi ndi ndi! Gubu, gubu, gubu, Kiboko akaingia pangoni, akaketi kando ya jiwe kubwa lililofunikwa kanga.

"Hujambo, mke wangu?"

Jiwe kimya.

"Ana adabu huyu," Kiboko akajisemea, akashusha pumzi kwa raha.

Pimbi hakungoja. Chapuchapu mpaka ghalani. Kufuli, kwacha! Mlango, kwiii! Akaingia na kikapu chake.

Ghala lilikuwa tupu. Ndani mlibaki mapambo ya makuti, tepe za rangi, na kiti cha mgeni rasmi. Pimbi akaketi sakafuni, akalia kwa sauti. Ujanja wake wote ulikuwa umempatia chumba kitupu. Kisha akainama, akakwangua nyufa za sakafu kwa kucha, akapata konzi moja ya mtama na vumbi.

Akapika uji. Mkubwa akanywa. Wa kati akanywa. Mwanamvua akainuliwa kichwa, akanyweshwa, uji ukatoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa amekwisha kwenda. Pimbi akaendelea kumshikia kikombe mpaka uji ukapoa. Alfajiri akamzika, akawabeba wawili waliobaki, akaihama nchi.

Siku ya saba Kiboko akatoka, amekonda. "Mnaona?" akapaza sauti. "Siku saba, na hatujagombana hata mara moja! Ndoa ni amani! Karamu yangu iko wapi?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Ngiri amehama. Kicheche amekufa. Digidigi na mkewe wamelala ubavu kwa ubavu, hawaamki. Kiboko akarudi pangoni kumlalamikia mkewe, na mpaka leo anangoja ajibiwe.

Hadithi yangu imefika mwisho, aliyeshiba asimulie yake. Na funzo, maana wakubwa hawapendi hadithi isiyo na funzo: oaneni, wanangu, oaneni sana. Mtoto akilia njaa, mpigieni ngoma ya harusi. Akinyamaza, mjue serikali imefaulu.