Njia Ilikuwa Laini Kwake

Wapendwa, somo mmelisikia, sitalirudia. Leo nataka tupande milimani kidogo, kwa mtu mmoja ambaye hakuwa mwovu. Nasema mapema kwamba hakuwa mwovu, kwa sababu nawajua. Mkishasikia habari yake mtaanza kumtafutia uovu, na mtachoka bure.

Mtu huyo alikuwa na baiskeli. Msifikirie hizi zetu za kubebea magunia ya mkaa. Yake ilikuwa ya umeme, ya kupandia milima, yenye shokapu mbele na shokapu nyuma, tairi pana zenye meno, na betri iliyofichwa ndani ya bomba la fremu. Ukikanyaga pedali, mota inaitikia kana kwamba kuna mtu anakusukuma mgongoni. Alikuwa akiongoza wageni waliokuja kuendesha baiskeli huko juu, na kambi yao ilipofungwa mwenye kambi akamwachia moja kwa kumshukuru.

Aliipenda. Kila jioni aliichaji, akasugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu, kisha akailaza sebuleni. Mke wake aliwaambia majirani kwamba ameletewa mke mwenza asiyepika, asiyefua, na bado anaogeshwa wa kwanza. Yeye mwenyewe alicheka. Mlima ambao wenzake waliupanda kwa kupumzika mara tatu, yeye aliupanda akipiga mluzi. Sasa nawauliza, kuna dhambi gani hapo? Mtu akipewa kitu kizuri asikifurahie? Mimi ningepewa mngeniona nafika hapa Jumapili nimechelewa, nimezunguka njia ndefu makusudi.

Huko kwao gari halifiki. Mgonjwa hubebwa kwa machela: miti miwili mirefu, blanketi zito katikati, wanaume wanne mabegani na wanne wengine nyuma wakingoja zamu. Mbele yao hutangulia mtu mmoja, nao humwita mtangulizi. Sharti lake ni kwamba havai viatu. Hata kwenye baridi ya Julai havai. Mbebaji ana mti begani na shingo imekaa upande, haoni anapokanyaga, kwa hiyo huyu wa mbele ndiye anayemkanyagia. Akigusa jiwe linalocheza husema, jiwe, kushoto. Akigusa tope husema, utelezi. Walio nyuma huitikia kwamba wamesikia, ndipo wanapopiga hatua. Kazi hiyo ilikuwa ya mchoma mkaa mmoja, mtu wa maneno machache, na watu walimwamini kwa sababu hajawahi kuangusha mgonjwa.

Basi ikafika asubuhi moja ya mvua za masika. Mke wa yule mwenye baiskeli alikuwa na uchungu tangu jana yake alfajiri. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza, baada ya miaka sita ya kusubiri. Mkunga akatoka chumbani akifuta mikono, akamwambia yule bwana kwamba mtoto amelala kwa kukingama, hawezi kutoka, na kama mama hatafika hospitali kabla ya adhuhuri watawapoteza wote wawili. Simu ikapigwa. Gari likapatikana, lingengoja kwenye barabara ya chini, hapo darajani. Wanaume watano waliokuwa karibu, mchoma mkaa akiwa mmoja wao, wakaja na machela yao, maana kwao taarifa ya mgonjwa haisubiri mtu amalize chai.

Njia za kushuka zilikuwa mbili. Ya mgongoni mwa mlima wote waliijua, ilikuwa ya saa tatu. Na kulikuwa na mkato wa bondeni, kando ya kijito, wa saa moja na nusu, lakini tangu mvua zianze hakuna aliyeupita akiwa na mzigo. Mchoma mkaa akashauri wapite mgongoni. Au kama ni lazima wapite mkato, basi wamwache atangulie peke yake aukanyage wote, ndipo arudi kuwachukua.

Yule bwana alisikia hesabu hiyo ya saa, na mke wake alikuwa akilia ndani. Ninyi mngefanyaje? Akasema hakuna haja ya mtu kushuka kwa miguu na kupanda tena, yeye ataupima mkato sasa hivi. Akawasha baiskeli, akapotea kwenye migomba. Dakika ishirini na tano hazijaisha akawa amerudi. Ameshuka hadi darajani, amepanda mlima ule wote, na shati lake halina jasho. Hakuna kiumbe mwingine kijijini aliyeweza kufanya hivyo.

"Mkato uko sawa," akawaambia. "Nimeushuka na kuupanda. Hakuna pa kuwasumbua."

Mchoma mkaa akamtazama. "Kuna mahali popote uliposhuka kwenye baiskeli?"

"Sikuona sababu ya kushuka."

"Basi njia hujaiona."

Maneno hayo yalimchoma. Akajibu kwa ukali kwamba mke wake anakufa wakati wao wanajadili nyayo, na kwamba kama kuna mtu anataka kupita mgongoni apite peke yake. Wanaume wakatazamana. Kwao mwenye mgonjwa ndiye mwenye kauli, na huyu alikuwa ameiona njia kwa macho yake, mara mbili. Wakamweka mama kwenye blanketi, wakamfunga kwa khanga mbili asiteleze. Yule bwana akatangulia na baiskeli. Mchoma mkaa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imechukuliwa, akaingiza bega chini ya mti wa mbele, upande wa kushoto.

Mwanzo walikwenda vizuri. Kisha bonde likasimama wima, na chini ya majani yaliyooza kukawa na vijiwe vya mviringo, ukikikanyaga kimoja kinaondoka na wewe. Tairi pana lilikuwa limepita juu yake bila habari. Mguu wa mtu ukafika hapo na kuteleza. Mtu wa kwanza akayumba, akashikilia. Wa pili akapiga goti, machela ikashuka upande mmoja kisha ikapanda. Mkono wa mama ulishika mti wa machela mpaka vidole vikabadilika rangi.

Yule bwana aligeuka akawaona. Nataka mlisikie vizuri jambo lililopita moyoni mwake, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisimulie habari hii. Hakuogopa. Aliudhika. Alijiuliza mbona watu wazima wanajikwaa mahali pasipo na kitu. Akawaambia wainue miguu, wasiburuze, hapo hapana shida, yeye amepita.

Walipofika katikati, wakakuta bamba la mwamba lililolala kwa mteremko, maji membamba yakipita juu yake na mwani wa kijani umelishika lote. Kurudi juu hawakuweza tena. Yule bwana aliteremka mbele yao kwa muda wa pumzi moja. Shokapu ya mbele ilizama, ikainuka, basi. Akasimama chini akawangoja, akawapungia mkono.

Wanaume wanne wakaingia kwenye mwamba. Hatua ya kwanza, ya pili. Katika hatua ya tatu yule wa mbele kulia mguu wake ukaondoka, ukaingia kwenye ufa, na mwili wake ukaenda upande mwingine. Wote waliusikia mfupa. Machela ikapinduka kuelekea kijitoni. Mchoma mkaa akaanguka kwa magoti yote mawili juu ya jiwe, makusudi, akampokea mama kwa kifua. Hapo ndipo mama alipopiga ukelele, wa kwanza tangu watoke nyumbani.

Hapakuwa na muda wa kulaumiana. Aliyevunjika mguu alilazwa pembeni na mtu mmoja akabaki naye. Bega moja likawa linahitajika. Yule bwana akaitupa baiskeli kwenye magugu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aipate, akapanda mwamba kwa mikono na magoti, akaingia chini ya mti. Na mara tu uzito ulipomkalia begani, akaijua njia. Kila jiwe lilikuwepo. Kila utelezi ulikuwepo. Vyote vilikuwepo tangu asubuhi, naye alikuwa amepita juu yake kwenda na kurudi akiwa na haraka ya upendo.

Walishuka mwamba ule wameketi, machela juu ya mapaja, wakijiburuza shubiri kwa shubiri. Kila alipotaka kuharakisha, mchoma mkaa alimwambia polepole. Kila waliposimama alisikia pumzi ya mke wake karibu na sikio lake, na kila mara ilikuwa fupi kuliko mara iliyotangulia. Njia ya saa moja na nusu iliwachukua zaidi ya saa nne. Wangepita mgongoni wangefika mapema kuliko hapo, na wangefika wote wazima.

Hospitalini madaktari hawakupoteza hata dakika. Mama akapona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Mkunga alikuwa ameusikia moyo wake asubuhi ile, na muuguzi alisema wangefika kabla ya adhuhuri wangemkuta hai.

Siku ya tatu yule bwana aliketi kando ya kitanda. Alikuwa hajala. Alikuwa amelibeba neno moja siku zote hizo, akalitoa.

"Mke wangu, sikudanganya. Naapa sikudanganya. Mimi niliiona njia laini."

Mke wake aligeuza uso akatazama dari. Kisha akamjibu taratibu, bila hasira, na ingekuwa heri kwake kama angemjibu kwa hasira.

"Najua hukudanganya. Ungekuwa mwongo tusingekufuata."

Wapendwa, niliwaambia mtachoka kumtafutia uovu. Mtamhukumu kwa lipi? Alimpenda mke wake. Alikwenda mwenyewe kuitazama njia, hakutuma mtu. Alisema kweli yote aliyoijua. Kosa lake ni kwamba aliipima njia ya wenye mzigo akiwa amekalia shokapu, tena hajabeba kitu, na umeme unamsukuma. Na walipojikwaa aliwaona wao ndio wazembe.

Sasa tuache milima, turudi kwenye mabenchi haya. Nani kati yetu hajamwambia mwenzake, mbona mimi nilipita hapo? Binti anakuja akilia ndoa imemshinda, nasi wenye waume wapole tunamwambia ndoa ni kuvumiliana tu. Kijana anasema amehangaika na kazi miaka mitatu, nasi tulioingizwa kazini na mjomba tunamwambia ajitume. Mtu ana mgonjwa ndani, halali, nasi tunaolala tunamwambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Hatusemi uongo. Kwetu ni laini kweli. Kuna aliyetuwekea springi chini, mama mwema, afya, ndugu wanaopokea simu, nasi tumezikalia muda mrefu mpaka tunadhani dunia yenyewe ndiyo laini. Na kwa kuwa sisi si waongo, watu wanatuamini, wanaingia bondeni.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewaonyesha ninyi njia nami nimekaa juu.

Jumanne iliyopita, mama mmoja wa usharika huu alikuja ofisini kwangu. Wengi mnamjua, sitamtaja. Mama mkwe wake amepooza, hajiwezi, ni mwaka wa nne sasa. Alikuja kuniambia amechoka, na kwamba kuna siku anasimama mlangoni na hawezi kuingia chumbani kwa yule bibi. Nilimsikiliza, kisha nikamwambia avumilie, neema inatosha, majaribu ni ya muda. Nilisema kweli. Ni maneno ya kweli kabisa, nimeyahubiri mara nyingi. Akanishukuru, akasimama, akaondoka. Alipofika mlangoni ndipo nikamwona anavyotembea, amejishika kiuno kwa nyuma, upande mmoja, na nikajua kwamba katika miaka hiyo minne mimi sijawahi hata siku moja kuingia kile chumba.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndipo anapomgeuza yule bibi na kumbadilishia shuka. Nimeuliza. Nitakuwa pale. Sitakwenda na neno la kumwambia, maneno yangu ameshayapata. Nitashika upande wa miguu.

Na msiniitikie amina. Mgonjwa wa namna ile hugeuzwa na watu wanne, na kwa miaka minne amemgeuza peke yake. Nani atakuja nami?